Mchana wa Kambi Umerudi: Mapitio ya Blu-ray ya Sleepaway Camp II

Filamu ya kutisha ya Sleepaway Camp II: Unhappy Campers inaanza usiku katika kambi ya vijana ya likizo ya kiangazi, vijana wakiwa wameuzunguka moto na mmoja wao, Phoebe, akiwasimulia wenzake mauaji yaliyotokea miaka kadhaa nyuma katika kambi nyingine. Mlezi wake wa kambini anamkuta pale usiku ule pamoja na wavulana, hapendezwi hata kidogo, anamwondoa, na kabla filamu haijafika mbali Phoebe amekwisha kuuawa na ulimi wake umekatwa. Kisha kunakucha, na kuanzia hapo, kwa sehemu kubwa ya dakika zake 80, filamu hii inaishi mchana: juani, chini ya miti, kwenye vijia vya kambi ambako kila mtu anamwona mwenzake. Mchana huo ndio ulionifanya nikae kuandika mapitio haya, kwa sababu kwa miaka mingi sisi tulioipenda filamu hii hatukuwahi kuuona sawasawa.

Mimi niliifahamu kwa kanda ya VHS iliyokuwa imenakiliwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo bila shaka ilikuwa nakala. Kanda ya VHS, hata ikiwa mpya, hubeba takriban mistari 240 tu kwa upana wa picha, na kila inaponakiliwa hupungukiwa tena, rangi nyekundu ikiwa ya kwanza kuchuruzika nje ya mipaka yake. Miti ilikuwa doa moja la kijani kilichofifia, nyuso zilikuwa na rangi ya udongo, na usiku ulikuwa weusi mtupu ambamo mtu alisikia mengi kuliko aliyoyaona. Nilidhani ndivyo ilivyotengenezwa: filamu ya fedha kidogo, iliyopigwa mbio mbio, isiyo na taa za kutosha. Diski ninayoiandikia hapa imenionyesha kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikiilaumu filamu kwa makosa ya kanda.

Toleo lenyewe ni la Scream Factory, tawi la kampuni ya Marekani iliyoitwa wakati ule Shout! Factory, linaloshughulikia filamu za kutisha, na lilitoka Juni 2015. Ndani ya kasha mna diski mbili, moja ya Blu-ray na nyingine ya DVD. Picha imetokana na skani mpya ya 2K (yenye takriban nukta elfu mbili kwa upana) ya negativu asilia, yaani ule ukanda wa filamu uliopita ndani ya kamera yenyewe siku ya kazi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika. Kwa kawaida kati ya negativu na nakala inayooneshwa kwenye sinema huwa kuna nakala nyingine mbili za katikati, na katika kila hatua picha hupoteza ukali kidogo, weusi huzidi kuwa mzito na weupe huzidi kukauka. Anayerudi kwenye negativu huruka hatua hizo zote na kuchota maji kwenye chemchemi yenyewe. Filamu kubwa hufanyiwa hivyo bila mtu kushangaa. Mwendelezo wa filamu ya kutisha ya bei rahisi mara nyingi huachiwa nakala yoyote iliyopatikana stoo.

Kabla ya hapo tulitegemea DVD ya Anchor Bay ya mwaka 2002, ambayo wengi tuliipata katika seti ya filamu tatu za mfululizo huu iliyotengenezwa mfano wa sanduku la huduma ya kwanza. Sikuitupa seti yangu na sitaitupa, kwa kuwa wakati ule ilikuwa hatua kubwa kutoka kwenye VHS. Lakini DVD ya mfumo wa Marekani ina nukta 720 kwa 480, ilhali Blu-ray ina 1920 kwa 1080, ambayo ni mara sita kamili, na katika filamu inayotegemea nyuso na majani tofauti hiyo huonekana hata kwenye runinga ya kawaida ya sebuleni.

Kwa asiyeujua mfululizo huu, maelezo machache yatamsaidia. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1983, ikaongozwa na Robert Hiltzik na kuchezwa na Felissa Rose akiwa bado msichana mdogo, na umaarufu wake umesimama juu ya picha ya mwisho kabisa ambayo sitaitaja. Hiltzik hakushiriki katika miendelezo iliyofuata. Sehemu ya pili na ya tatu ziliongozwa na Michael A. Simpson, na zilipigwa moja baada ya nyingine huko Georgia mwaka 1987, katika kambi moja na mandhari yale yale. Ya pili ikatoka mwaka 1988 na ya tatu mwaka 1989. Hati iliandikwa na Fritz Gordon, ambalo ni jina la kalamu la Michael Hitchcock, mtu ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kuigiza vichekesho, na ukilijua hilo utaisikia vizuri zaidi namna mazungumzo ya filamu hii yanavyokimbia.

Ushauri wangu kwa mgeni ni mmoja tu: aanze na filamu ya kwanza. Mwendelezo huu haufichi siri ile. Unaitoa mapema kabisa, pale pale kwenye moto, kama jambo ambalo kila mtu amekwisha kulisikia. Atakayeanza hapa atakuwa amejinyima mwisho wa filamu ya kwanza, na utamu wa namna hiyo haurudi mara ya pili.

Sasa nirudi kwenye mchana. Muuaji wa filamu hii ni Angela Baker, na sivunji siri yoyote kusema hivyo, kwa kuwa filamu nayo haijaribu kutuficha. Ndiye mlezi tuliyemwona akimwondoa Phoebe kwenye moto. Katika filamu nyingi za aina hii za wakati ule muuaji ni kivuli chenye barakoa, huja usiku, hasemi neno, na mtazamaji hupewa kiatu, mkono na pumzi. Angela yeye hana barakoa. Anafanya kazi yake kwa bidii, anaimba wimbo wa kambi kwa moyo wote, anawapenda watoto watiifu na anasikitishwa kwa dhati na wasiotii. Waswahili tunasema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa anayekula ndiye anayewaamsha vijana asubuhi na kuwahimiza waende kwenye kifungua kinywa. Filamu nzima inasimama juu ya uso wake, na ndiyo maana picha mbovu iliiumiza hii kuliko ambavyo ingeiumiza filamu ya muuaji wa kivulini.

Angela anachezwa na Pamela Springsteen, dada wa mwanamuziki Bruce Springsteen, ambaye baadaye aliacha uigizaji na kuwa mpiga picha, zikiwamo picha za kazi za muziki za kaka yake. Kwenye VHS nilimwona akitabasamu, basi. Kwenye diski hii ninamwona akitabasamu namna tatu au nne zilizo tofauti. Kuna tabasamu la kikazi analowapa wote. Kuna tabasamu la kweli, analolitoa akiwa na Molly, msichana mwema wa kambi, na hilo hufika hadi machoni. Halafu kuna lile linalobaki mdomoni baada ya macho kukwisha kufanya uamuzi: kijana amesema neno chafu au amejisifia dhambi yake, midomo ya Angela haijashuka, lakini ngozi iliyo chini ya macho imekaza kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja, na mtazamaji anajua kwamba hatima ya huyo imekwisha kuandikwa. Ni jambo la nusu sekunde. Katika picha yenye ukungu halipo. Katika skani hii lipo, na likishaonekana mara moja linabadilisha kila mandhari inayofuata, kwa sababu mtu huanza kuutafuta uamuzi huo badala ya kukisubiri kisu. Ninaamini hivi ndivyo Simpson na Springsteen walivyokusudia, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema kwamba kazi ya mwigizaji huyu hatimaye inaonekana.

Werevu wa hati uko mahali ambapo mtazamaji wa haraka anaweza kupapita. Swali linalozisumbua filamu zote za kambi ni kwa nini watu hawagutuki wenzao wanapopotea. Gordon amelijibu kwa maneno mawili: amerudishwa nyumbani. Kila kijana anayeuawa anatangazwa kuwa alivunja sheria, na mlezi wake akamfungasha akarudi kwao. Jibu hilo linaaminika kwa sababu kambi ni mahali pa sheria, na mlezi mkali ni mtu wa kusifiwa. Mkuu wa kambi, Uncle John, anamsifu Angela mbele ya wote kwa kazi nzuri, na tatizo linapoanza kugunduliwa halionekani kama mauaji bali kama jambo la ofisini: mlezi huyu amewarudisha nyumbani vijana wengi mno bila kuomba ruhusa. Uncle John anachezwa na Walter Gotell, yule yule aliyekuwa Jenerali Gogol katika filamu za James Bond, na uzito wake wa sauti unampa mkuu huyu heshima ambayo mwigizaji mchanga asingeipata.

Mfano mmoja utaonyesha picha na hati zinavyosaidiana. Ndugu wawili, Brooke na Jodi, wamekuwa wakinywa na kuvuta porini. Mmoja wao anazinduka na kumkuta dada yake amekwisha kuteketea pembeni yake juu ya jiko la kuchomea nyama, naye mwenyewe amewekwa hapo hapo. Angela, kabla ya kumaliza, anamwachia onyo dhidi ya dawa za kulevya. Mwaka 1988 onyo hilo halikuwa neno la kubuni, kwa kuwa Nancy Reagan, mke wa rais wa Marekani, alikuwa ameiongoza kampeni ya kuwataka vijana wakatae dawa za kulevya, na kauli yake ilisikika shuleni na kwenye runinga kila siku. Angela analitamka kwa upole wa mwalimu. Katika kanda yangu ya zamani mandhari hii ilikuwa moshi na kelele. Hapa moshi una tabaka, ngozi iliyoungua ina rangi kadhaa badala ya nyeusi moja, na nyuma ya yote hayo kuna msitu wa kijani uliotulia kana kwamba hakuna kinachotokea. Utulivu wa majani yale unatisha kuliko jiko lenyewe. Kazi ya viungo bandia na damu ilifanywa na kundi la Bill Johnson, na ingawa skani inafichua mahali ambapo mpira unakutana na ngozi, ninaona hilo ni bei halali: afadhali niuone mkono wa fundi kuliko nisione kazi yake kabisa.

Vifo vyenyewe ni vingi na vimepangwa kwa ubunifu usiolingana. Mare anakutana na keekee ndani ya gari. Ally anaitwa kwa barua ya uongo na kusukumwa ndani ya choo cha shimo kilichojaa ruba, mandhari ambayo sikuipenda zamani na bado siipendi, kwa kuwa inakaa muda mrefu mno juu ya mateso ya msichana mmoja bila ile hali ya haki iliyopotoka inayozibeba nyingine. Demi anauawa kwa uzi wa gitaa. Vijana wawili, Anthony na Judd, wanajivisha mavazi ya Freddy na Jason, wauaji wa filamu nyingine za kutisha, ili wamtishe Angela, naye anawajia akiwa amevaa kama Leatherface, muuaji mwingine wa aina hiyo mwenye msumeno wa mnyororo. Mandhari hiyo ni ya dakika chache tu lakini inasema waziwazi filamu hii inajiweka wapi: miongoni mwa wauaji mashuhuri wa miaka ya 1970 na 1980, msichana huyu wa kambi anadai kiti chake, na kwenye diski kila kipande cha mavazi yale ya kuazima kinasomeka.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mashabiki hulipenda, na kwa msomaji wa leo linahitaji kuelezwa. Vijana wengi wa kambi wamepewa majina ya waigizaji chipukizi waliotamba Hollywood wakati ule: Molly, Ally, Emilio, Judd, Rob, Demi, Anthony na wengineo. Anayemcheza Molly ni Renée Estevez, ambaye Emilio Estevez na Charlie Sheen ni kaka zake wa damu. Hivyo hata orodha ya waliouawa ni picha ya zama zake.

Filamu ina makosa, na picha safi haiyaponyi. Utani unaouzunguka mwili wa Angela na matibabu aliyoyapata hospitalini umezeeka vibaya. Unatumia jambo la maumivu kama kichekesho cha kupita, na mtazamaji anayeguswa na mambo hayo ana haki ya kujua kabla hajaketi. Matiti ya wasichana yanaoneshwa kwa sababu soko la video la wakati ule lilitaka hivyo, na kamera inapofika hapo husahau kwamba ilikuwa ikimfuata Angela. Wavulana kadhaa hawatofautiani, wanaingia na kutoka kama majina tu. Theluthi ya mwisho, ambapo miili inakusanywa mahali pamoja na kufukuzana kunaanza, inafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na kila filamu ya slasha, yaani ya muuaji anayewamaliza vijana mmoja mmoja, na ndiyo sehemu pekee ambayo mkono wa Simpson unaonekana umechoka. Wala si filamu ya kuangaliwa na watoto, hata kama rangi zake za kiangazi zinaweza kumdanganya mzazi anayepita sebuleni.

Nirudi kwenye diski. Chembechembe za filamu, zile punje ndogo za asili za ukanda wake, hazikufutwa. Hili nalisema kwa shukrani, maana nimenunua matoleo ya filamu nyingine ambamo fundi alizifuta zote kwa kompyuta, na nyuso zikabaki kama nta ya mshumaa. Hapa nywele ni nywele, na kitambaa kina nyuzi. Kuna vidoa vichache na mikwaruzo midogo inayopita, na katika mandhari za usiku chembechembe huongezeka hadi picha hutetema kidogo, hali ya kawaida kwa filamu iliyopigwa kwenye mwanga hafifu. Usiku wa moto ule wa mwanzo ndio ulionishangaza zaidi baada ya nyuso: sasa wanaonekana vijana wa safu ya nyuma, wale ambao moto unawagusa shavu moja tu, nao wanaigiza, wanasikiliza, mmoja anamwangalia mwenzake. Nilikuwa nimekwisha kuiona filamu hii mara nyingi bila kujua kwamba wapo.

Kama kuna jambo ninalolidai katika picha, ni usawa wa rangi kati ya vipande vinavyofuatana. Mara moja au mbili tunahama kutoka uso mmoja hadi mwingine katika mazungumzo yale yale na jua linabadilika kutoka la asubuhi hadi la alasiri. Huenda ndivyo lilivyokuwa siku ya kazi, kwa kuwa kundi lenye fedha kidogo halisubiri jua lirudi, na sitaki mtu aje afiche ukweli huo kwa kupaka rangi moja juu ya vyote.

Sauti ni ya chaneli mbili katika mfumo wa DTS-HD Master Audio, na inatosha. Mazungumzo yanasikika kila neno, jambo lililokuwa kero kubwa kwenye VHS, na muziki wa James Oliverio unapata nafasi bila kuwameza wasemaji. Mtu mwenye spika nyingi asitarajie sauti zinazomzunguka. Wimbo wa kambi, ule anaouimba Angela, unasikika mkavu na wa karibu, kama ulivyorekodiwa, na ukavu huo unaufaa.

Nyongeza zilizomo ni nyingi kuliko nilivyotarajia kwa filamu ya daraja hili. Yapo maelezo ya sauti ya Simpson na Gordon wakiifuata filamu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hayo ndiyo ninayompendekezea mtu kwanza, hasa kama anawaza siku moja kutengeneza filamu yake. Zipo picha za video zilizopigwa nyuma ya kamera wakati wa kazi, ambazo mwongozaji anazizungumzia juu yake, na kwangu zina thamani ya pekee: zinaonyesha vijana waliochoka, udongo, nyaya, watu wanaongoja, na katikati yao damu bandia ikipakwa kwa uangalifu mkubwa. Ipo sehemu ya kwanza ya makala ya mahojiano iitwayo A Tale of Two Sequels, ambayo nusu yake ya pili imewekwa kwenye diski ya filamu ya tatu. Uamuzi huo wa kuigawa unaniudhi. Simulizi ni moja, kazi ilifanywa mahali pamoja na watu wale wale, na mnunuzi wa diski moja anabaki ameshika nusu ya barua. Ipo pia filamu fupi kuhusu yaliyompata Molly, ambayo mtu aiangalie baada ya filamu na si kabla, pamoja na matunzio ya picha na trela ya kanda ya video.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili wanapaswa kulijua kabla ya kutoa fedha zao. Diski za Scream Factory hutengenezwa kwa ajili ya soko la Amerika ya Kaskazini, ambalo kwa Blu-ray ni kanda A (kanda hapa ni eneo la dunia ambako diski imekusudiwa kuchezwa), na nchi za Afrika zimewekwa kanda B. DVD iliyomo ndani ya kasha nayo ni ya soko lile lile, yaani kanda 1, wakati sehemu kubwa ya Afrika iko kanda 5. Mashine iliyofungiwa kanda moja itaikataa diski ya kanda nyingine na kuonyesha ujumbe wa kosa tu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniandikia, nilipomuuliza kuhusu diski nyingine ya namna hii, kwamba inafanya kazi kila mahali. Haikufanya kazi, na ikakaa rafuni karibu mwaka mzima hadi nilipopata mashine ya kanda zote. Kwa hiyo mtu aihakikishe mashine yake kwanza, tena kwa kusoma kitabu chake cha maelekezo na si kwa kuliamini neno la muuzaji.

Kama ningelazimika kuchagua kati ya diski hii na ile ya sehemu ya tatu, ningechukua hii bila kusita. Filamu ya tatu ilikatwa sana na bodi ya upangaji madaraja ya Marekani, na ingawa ina mambo yake ya kuvutia, Angela pale amekwisha kuwa mzoefu, anatania huku akiua, na ule uhusiano wake na Molly, ambao hapa unamfanya aonekane mtu anayetamani rafiki, haupo tena. Molly ndiye moyo wa filamu ya pili. Mandhari ambazo Angela anazungumza naye kama dada mkubwa, kabla Molly hajajua chochote, ni tulivu na fupi, na ndizo nilizozirudia mara nyingi zaidi tangu diski hii inifikie.

Nyongeza ya mwisho niliyoiangalia inaitwa Abandoned, nayo inatupeleka kwenye maeneo ya Georgia ambako filamu mbili zile zilipigwa. Niliiangalia usiku, na ilipokwisha nikairudisha filamu yenyewe mwanzo, nikapita moto na Phoebe, nikasimama pale kunapokucha. Niliacha picha imetulia kwenye runinga kwa muda, nikiwatazama vijana waliotawanyika mbele ya vibanda, kila mmoja akiwa na kivuli chake kifupi chini ya miguu, na majani nyuma yao yakiwa yanahesabika.